Nyuzi za mimea ndani ya plastiki: nguvu inatoka wapi, na inapotelea wapi

Swali tunaloulizwa sana maabara kuhusu komposaiti za nyuzi za mimea ni "uzi gani una nguvu kuliko zote", yaani mtu anataka umtajie katani au kitani au juti alafu aende zake akatengeneze. Swali lina maana ila halitoshi, kwa sababu unaweza ukawa na uzi mzuri kabisa ukaishia na bodi inayokatika mapema kuliko plastiki tupu isiyo na uzi hata mmoja, na hiyo sio ajabu, inatokea sana.

Tuelewane kwanza kitu chenyewe. Komposaiti ni plastiki, iwe epoksi, poliesta au polipropilini, iliyowekewa nyuzi ndani. Nyuzi ndo zinabeba mzigo, plastiki inazishika pamoja na kuuhamisha mzigo kutoka uzi huu kwenda ule. Ni kama nondo na zege, nondo ikiteleza ndani ya zege basi hata iwe nene vipi haikusaidii kitu. Na jambo lenyewe sio geni, Trabant, lile gari la Ujerumani Mashariki, lilianza kutengenezwa mwaka 1957 na paneli zake za nje zilikuwa za resini ya fenoli, yaani plastiki ngumu, iliyochanganywa na masalia ya pamba.

Sasa kwa nini tuhangaike na mimea wakati faiba glasi ipo? Sababu kubwa ni uzito. Densiti ya glasi ni kama gramu 2.55 kwa sentimita moja ya ujazo, kitani, uzi wa mmea wa flaksi, ni kama 1.45 hivi. Kitani nzuri ina moduli, yaani kipimo cha ukakamavu, ya gigapaskali 60, glasi iko kwenye 72, ukiangalia hizo tu utasema glasi imeshinda, ila gawanya kila moja kwa densiti yake uone, kitani inapata kama 41 na glasi kama 28. Maana yake kwa kilo ile ile kitani inagoma kupinda zaidi, na ndo maana paneli za ndani za milango ya magari ni sehemu moja ambayo nyuzi hizi zimeingia kwa wingi.

Lakini hapo nimezungumzia ukakamavu, sijagusa nguvu, na hivi viwili watu wanavichanganya mno hadi inaniumiza. Ukakamavu ni kitu kinakataa kuvutika au kupinda kiasi gani, nguvu ni mzigo gani kinabeba kabla hakijakatika. Kwenye nguvu glasi bado iko mbali, inapita megapaskali 2000 (gigapaskali 2) bila shida, wakati katani kwa kawaida inacheza kati ya 400 na 700, na makumbi ya nazi mara nyingi hayafiki 250. Kwa hiyo mtu akikuambia bodi yake ya katani ni "imara kama faiba glasi" muulize imara kwa kipimo kipi.

Tofauti kati ya mmea na mmea inatoka ndani ya uzi wenyewe. Uzi mmoja wa mmea ni vinyuzi vidogo sana vya selulosi vilivyojizungusha kwa mshazari, vimeshikwa na hemiselulosi na lignini, gundi za asili za mmea. Kwenye kitani mshazari ni mdogo, kama digrii 10, vinyuzi karibu vimelala sawa na uzi, ukivuta vinabeba mzigo hapo hapo lakini uzi unakatika baada ya kurefuka asilimia 2 au 3 tu. Kwenye makumbi ya nazi mshazari unapita digrii 30 na lignini ni nyingi sana, ukivuta vile vinyuzi vinaanza kwanza kunyooka, kwa hiyo uzi unaweza kurefuka asilimia 15 na zaidi kabla ya kukatika. Mtu akisoma jedwali la nguvu anayadharau makumbi, mimi siyadharau, kwa kitu kitakachogongwagongwa hiyo tabia ya kurefuka ina thamani kubwa.

Alafu kuna mwelekeo, ambao kwangu ni muhimu kuliko hata jina la mmea. Chukua polipropilini yenye moduli ya gigapaskali 1.5, weka nyuzi za kitani zenye 50 kwa asilimia 30 ya ujazo, zote zimelala upande mmoja na ni ndefu na zimeshika vizuri. Hesabu ni rahisi, 0.3 mara 50 jumlisha 0.7 mara 1.5, unapata karibu 16. Sasa nyuzi zile zile, kiasi kile kile, zimwage ovyo ndani ya bodi bapa kama zulia, mchango wa nyuzi unapungua hadi sehemu tatu kati ya nane, unabaki na kama 6.7. Hujabadilisha kitu chochote zaidi ya mpangilio na zaidi ya nusu ya ukakamavu imeondoka! Na ile bodi ya kwanza ukiivuta kwa upande wa kukingamana na nyuzi inakuwa dhaifu sana, kwa hiyo lazima ujue mzigo utatoka wapi kabla hujaanza kupanga.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe, pale uzi unapokutana na plastiki. Selulosi imejaa vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoshikana, inapenda maji, polipropilini yenyewe ina tabia ya mafuta, hizi mbili hazipatani. Ukitaka kuliona hili kwa macho chukua sampuli iliyovutwa mpaka ikakatika, weka sehemu iliyokatika chini ya hadubini. Kama utaona vitundu vya mviringo vyenye kuta laini, na pembeni nyuzi zimechomoza ndefu na safi kabisa hazina hata chembe ya plastiki juu yake, basi zile nyuzi hazikukatika, zilichomoka, nguvu yote uliyoilipia haikutumika. Sampuli nzuri inaonyesha nyuzi fupi zilizokatika karibu na uso wa mvunjiko huku zimegandiwa na plastiki.

Dawa zipo. Ya bei nafuu na ya zamani ni kuloweka nyuzi kwenye kostiki soda, njia iliyotoka kwa John Mercer wa Uingereza aliyeipatia hataza mwaka 1850 kwa ajili ya pamba. Kostiki inaondoa nta, pektini na sehemu ya hemiselulosi, uzi unakuwa na mikwaruzo ambayo plastiki inaweza kuikamata. Ila ukizidisha ukali au muda unakula selulosi yenyewe na uzi unadhoofika, hapa watu wengi wanaharibu kwa kudhani kikali zaidi ndo bora zaidi. Kwa polipropilini kuna kiunganishi, ni polipropilini iliyopandikizwa kemikali inayoitwa anhidraidi ya maleiki, upande mmoja unajifunga kwenye haidroksili za uzi na mkia wake unajichanganya na plastiki, asilimia chache tu zinatosha kuleta tofauti. Na ujue kuna gharama yake, uzi unapochomoka unakula nishati ya pigo, kwa hiyo ukigandisha kila kitu kwa nguvu mno bodi inaweza kupanda kwenye kuvutwa ikashuka kwenye kugongwa.

Joto nalitaja kwa kifupi, nyuzi za mimea zinaanza kuungua na kudhoofika kuanzia karibu digrii 200 za Selsiasi, ndo maana tunatumia sana polipropilini inayoyeyuka kwenye 165 hivi, nailoni ya kuyeyukia 260 sahau.

Maji ndo adui mkubwa. Uzi unaouona mkavu kabisa ukiwa umekaa tu kwenye hewa ya kawaida unaweza kuwa na maji karibu asilimia 10 ya uzito wake. Usipoukausha kwenye oveni kabla ya kutumia, maji yanageuka mvuke ndani ya kalibu, chombo cha kuumbia bodi, na kuacha mapovu, na kila povu ni mahali pa ufa kuanzia. Hata bodi ikitoka nzuri, ikiloa nyuzi zinavimba na kusukuma plastiki, ikikauka nyuzi zinasinyaa na kuacha upenyo, ikirudia hivyo mara kwa mara ule mshiko unalegea na ukakamavu unashuka. Kwa hiyo ukipewa cheti cha vipimo uliza kama sampuli zilipimwa kavu tu au na zilizolowekwa pia, na kama ni kavu tu usiipeleke bodi hiyo nje kwenye mvua. Na kingo zilizokatwa kwa msumeno ziangalie kwa makini zaidi kuliko uso wa bodi, maana pale ncha za nyuzi ziko wazi na ndani zina uwazi unaonyonya maji, zipake resini siku hiyo hiyo unayokata, na kila tundu la skrubu vile vile.