Rudisha sukari kwenye chai, UTI haihusiki

Sasa imekuwa kila wiki hapa Mwanjelwa, Mbeya: mtu ananunua dawa huku akijisifu kwamba anakunywa chai ya Rungwe bila sukari, chungu kama mwarobaini, ili bakteria wa UTI wafe njaa. Jamani. Kama huna kisukari, figo hurudisha karibu sukari yote kwenye damu kabla mkojo haujafika kwenye kibofu. Kunywa chai yako.

Sukari inayohusika hapa ni manosi, na mwili wako ndio ulioipanga kwenye ukuta wa kibofu, katika minyororo iliyobebwa na protini za seli. E. koli, bakteria msababishaji wa UTI nyingi, ana vinyweleo, na nchani mwa kinyweleo kuna protini iitwayo FimH inayodaka manosi. Utamu wake uko hapa: mkojo ukipita kwa kasi, FimH hubadilika umbo na kubana zaidi. Kile kinachotakiwa kumsomba ndicho kinachomkaza. Mkojo ukitulia, analegea.

Basi ukimwaga manosi huru kwenye mkojo, FimH itadaka hiyo, na bakteria atoke akiwa hai. Wateja hununa nikifika hapo: dawa gani haiui? Lakini asiyeuawa hasukumwi sana kujenga usugu kwa dawa, angalau kwa nadharia, na kwa namna tunavyobugia antibiotiki kama sipro bila kuotesha mkojo maabara kujua ni bakteria gani, hilo si jambo dogo.

Tatizo ni kwamba manosi moja hushikwa kiulegevu sana. Wakemia wameiongezea mkia unaokaa vizuri mdomoni mwa FimH, na kwa panya imefanya kazi. Ya kawaida, ile ya unga? Utafiti wa Uingereza uliotoka 2024 uliwapa wanawake wenye UTI ya kujirudia gramu 2 kila siku kwa miezi 6. Waliougua tena walikuwa 51%. Waliopewa unga wa kuzugia, ambao nao ulikuwa sukari, fruktosi, walikuwa 55.7%. Kitakwimu hapo hakuna tofauti, kwa hiyo kopo la manosi simsukumii mtu.

Kwa nini ilishindwa? Huenda haikufika ya kutosha kwenye mkojo. Huenda pia E. koli wengine walishaingia ndani ya seli za kibofu, ambako manosi ya kwenye mkojo haiwagusi. Mimi nashuku zaidi hilo la pili, ila nisingeapa.