Homstedi ni nini? Neno la kulijua kabla ya safari ya nyumba za Laura Ingalls Wilder

Homstedi hudhaniwa kuwa nyumba ya kale ya shambani. Sivyo. Ni kipande cha ardhi ya serikali ya Marekani ambacho mlowezi alikabidhiwa kwa masharti, kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Ukilijua hilo, safari ya gari kupitia makazi ya mwandishi huyu wa watoto hubadilika kabisa.

Kipande kilikuwa ekari 160, robo ya maili ya mraba, kila upande kama mita 800. Mwombaji, aliyetimiza miaka 21 au mkuu wa kaya, aliandikisha dai lake katika ofisi ya ardhi. Ada zote hadi mwisho zilifika kama dola 18. Baada ya hapo alitakiwa kujenga, kulima na kuishi hapohapo miaka 5, kisha alete mashahidi wawili ndipo apewe hati. Akilihama shamba zaidi ya miezi 6 mfululizo, dai lilikuwa hatarini. Mwenye fedha aliweza kufupisha njia kwa kununua kwa dola 1.25 kila ekari. Hata hivyo wengi walishindwa: ardhi ilikuwa karibu ya bure, lakini plau, mbegu, wanyama wa kukokota na chakula cha kungojea mavuno havikuwa vya bure. Mwaka mmoja wa ukame ulitosha kumtia mtu madeni.

Kituo cha kuliona jambo hili ni De Smet, South Dakota. Hapo Charles Ingalls, baba yake Laura, aliandikisha dai mwaka 1880 na kulikamilisha mwaka 1886. Tembea upande mmoja wa shamba mpaka mwisho. Miguu itakueleza ukubwa wake kuliko ramani. Miti ya kotonwudi aliyoipanda ingalipo.

Karibu na Independence, Kansas, hapakuwa na homstedi. Familia ilifika mwaka 1869 kwenye ardhi iliyokuwa bado ya Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, bila haki ya kuwapo. Kibanda cha magogo utakachokiona ni cha kuigiza. Tunaomba usipite hapo bila kuwakumbuka Waosage, kwani hatimaye wao ndio waliohamishwa. Mansfield, Missouri, nayo si homstedi: Laura na mumewe Almanzo walinunua ekari 40 mwaka 1894.

Kutoka De Smet, barabara ya 14 inakupeleka mashariki hadi Walnut Grove, Minnesota, kama kilomita 180. Usitafute nyumba huko kando ya kijito cha Plum Creek. Familia iliishi katika pango lililochimbwa ukingoni, paa likaporomoka zamani, na kilichobaki ni bonde dogo lenye nyasi ndani ya shamba la mtu binafsi, linalotoza kiingilio. Nenda kati ya Juni na Agosti, maana majira ya baridi vituo vingi hufungwa au hupunguza saa.