Kuwinda tembo hakuokoi shamba la mtama

Katika vijiji vya Kondoa na Chemba, mkoani Dodoma nchini Tanzania, vinavyopakana na Pori la Akiba Swaga Swaga, wengi huamini kwamba vibali vya uwindaji vikiongezwa, tembo wataacha kula mtama na uwele. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa kundi moja likiingia shambani usiku laweza kumaliza chakula cha mwaka mzima cha kaya, na kifuta jasho kinachotolewa na serikali hakifikii thamani ya mazao yaliyopotea.

Hata hivyo, uwindaji wa kitalii huanza Julai, wakati nafaka imekwisha kuvunwa, tena humlenga dume mzee ambaye jino lake limefikia walau kilo 20 au sentimita 160, ilhali anayerudi shambani mwezi Aprili aweza kuwa dume kijana asiyehusika kabisa na kibali hicho. Hata tembo mharibifu akiuawa na askari wa wanyamapori, shamba lililolimwa kwenye mapito ya tembo hubaki palepale, na wengine hulifuata.

Kinachostahili fedha zaidi, kwa maoni yangu, ni kazi ya kuchosha: kamba za kuzungushia shamba zilizopakwa oili chafu na pilipili ya kusaga, zinazopakwa upya kila baada ya mvua, na mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya ili tembo akiugusa, yote itikisike na nyuki watoke.