Je, wajua kwa nini mlango wa mbao hukwama masika ukifika?

Januari mlango unafunguka kwa kidole. Aprili unataka bega. Mwenye nyumba wa Kisumu au Kakamega huita fundi, fundi huja na randa, huparuza ubavu wa mlango milimita tatu au nne, na kazi inaonekana imekwisha. Desemba jua likirudi, ubavu ule ule unaacha ufa wa kupitisha penseli na ulimi wa kitasa haufiki unapotakiwa kushika. Lawama zote huangukia mbao: "Saiprasi ya siku hizi haifai." Mara nyingi saiprasi haina kosa.

Mbao ni fungu la mirija midogo sana iliyolala kwa urefu wa mti. Hewa ikijaa unyevu, kuta za mirija hiyo hunyonya maji na kuvimba. Hewa ikikauka, huyatoa na kusinyaa. Ila uvimbe huo huenda kwenye upana na unene tu. Kwa urefu, ubao habari hana. Mlango wa futi saba haurefuki kwa kiasi cha kuonekana, hata mvua inyeshe mwezi mzima.

Sasa piga hesabu. Mlango wa kawaida una upana wa milimita 900. Saiprasi huweza kutanuka hadi takriban asilimia 0.2 ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka ndani yake. Unyevu ukipanda kutoka asilimia 11 hadi 16, upana umeongezeka kwa karibu asilimia 1. Mlango uliopangwa kwa mbao za wima zilizoumana ubavu kwa ubavu, kuanzia bawaba hadi kitasa, una milimita 900 zote za kuvimba: hizo ni milimita 9. Nafasi za viungo zitameza kiasi, lakini fremu iliyoachiwa pengo la milimita 3 kila upande haina pa kuzipeleka nyingine.

Mlango wa paneli ni hadithi tofauti. Una nguzo mbili za wima, tuseme za milimita 100 kila moja, na kati yake mbao za kukingama ambazo zimelala kwa urefu wake, kwa hiyo hazitanuki kuelekea fremu. Upana unaovimba ni milimita 200 tu, yaani mlango unaongezeka milimita 2. Mbao ni zile zile na mvua ni ile ile. Paneli, yaani vibao vinavyojaza nafasi iliyobaki katikati, nazo huvimba, lakini ndani ya mfereji zilimokaa, mradi fundi ameacha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kila upande na hakutia gundi wala msumari. Ukiona paneli imepasuka mstari mmoja kutoka juu hadi chini, jua kuna mtu aliyeifunga isiweze kusogea, ikaja kiangazi ikataka kusinyaa, ikachanika.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani ukiwa umesimama. Chukua kioo kidogo chembamba, kisukume chini ya mlango, umulike. Kwenye nyumba nyingi utaona mbao nyeupe, haijaguswa na rangi tangu siku ilipotoka karakana. Mlango ulitundikwa kwanza, ukapakwa baadaye, na brashi haikufika chini. Hapo ndipo mirija ya zile nguzo imekatwa, midomo wazi, na hapo ndipo maji ya kupiga deki na mvua ya kurushwa na upepo hutua. Ncha ya ubao hunyonya maji haraka mno kuliko ubavu wake. Dawa ni kung'oa mlango bawabani wakati wa kiangazi, kuuacha ukauke kivulini wiki mbili au tatu, kisha kupaka ncha za chini na juu mikono mitatu ya vanishi ya nje au rangi ya mafuta, kila mkono ukikauka kabla ya unaofuata. Randa iguse baada ya hapo, kama bado kuna haja. Anayeranda Aprili anakata mbao atakayoitafuta Desemba.

Ukinunua mbao mpya, swali la kwanza ni ukavu, bei baadaye. Mbao iliyopasuliwa juzi huwa na maji kupita kiasi, na mlango uliotengenezwa nayo utajikunja hata ukipakwa dhahabu. Kupima ni rahisi: kata kipande kutoka katikati ya ubao (si nchani, ncha hukauka mapema na hudanganya), kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito uache kushuka, kisha upime tena. Kikianza na gramu 120 na kuishia gramu 100, maji ni gramu 20 kwa mia ya mbao kavu: asilimia 20. Hiyo bado. Ya mlango iwe kati ya 12 na 15. Mbao ya inchi mbili ikipangwa kivulini kwa vijiti vya kutenganisha inchi moja, kila sentimita 60, inahitaji miezi kadhaa. Anayekuambia wiki mbili za juani zinatosha anakuuzia kesi.

Kuhusu mti wenyewe, mvule ndio mfalme wa Magharibi mwa Kenya. Kiini chake hakipendwi na mchwa na hakiozi upesi, ingawa wakati mwingine huficha vijiwe vya chokaa vinavyomaliza meno ya msumeno. Lakini mvule huchukua miongo mingi kukomaa, na ulio halali haupatikani kila kona, kwa hiyo njia nzuri ni kutafuta uliong'olewa kwenye nyumba kuukuu na kuuranda upya, misumari ikitolewa kwanza. Saiprasi ya shambani inatosha kwa milango mingi. Chagua yenye kiini, kwa maana ile nyeupe ya nje huliwa mapema. Grevilea hufaa milango ya ndani, kwani mchwa wanaipenda mno. Mkaratusi ni mgumu lakini hupinda na kupasuka unapokauka. Waachie wajenzi wa mapaa.

Na fremu? Miguu yake isifukiwe kwenye saruji ya sakafu. Ikae juu ya kipande cha ile nailoni ya msingi inayozuia unyevu, dipisii, na ishikiliwe na kipande cha nondo ya milimita 12 kilichopigwa katikati ya mguu. Hapo mchwa na unyevu wa ardhini hukosa njia rahisi ya kupanda.

Chuma hakivimbi, ndiyo sababu wengi wamekikimbilia. Kumbuka tu kwamba namba ya geji ikipanda, bati linapungua unene: geji 16 ina takriban milimita 1.5, geji 18 takriban 1.2. Kutu huanzia chini, ndani ya bomba la mraba ambalo maji yaliingia yakakosa pa kutokea. Mwambie fundi atoboe tundu la milimita 6 upande wa chini kabla ya kupaka rangi. Chuma kilichopakwa zinki nacho hupoteza zinki pale kilipochomelewa, kwa hiyo kila kiungo kipakwe tena rangi ya zinki.

Alumini haipati kutu kama ya chuma, na ikichakaa huyeyushwa tena kwa takriban asilimia 5 ya nishati ya kuitengeneza upya kutoka kwenye mawe yake. Lakini dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, jambo ambalo Nakuru wanaweza kulivumilia na Kisumu mwezi wa Februari si rahisi. Matundu ya kutolea maji kwenye reli yake nayo huziba kwa usubi wa ziwani, maji yakarudi ndani. Yazibue kwa waya kila baada ya kundi kubwa kupita. Fremu ifunikwe kwa utepe kabla ya kupiga plasta, kwani saruji mbichi huila alumini na kuacha madoa meupe ambayo hayasuguliki.