"Nakuachia wewe": omakase ya yen 4,500 na siri ya bei yake

Swali ninaloulizwa mara kwa mara: omakase (mlo wa sushi ambao mpishi ndiye anayekuchagulia) ya bei nafuu ni omakase kweli, au ni jina tu? Mimi ni mpishi wa samaki. Nilianzia soko la Feri, Dar es Salaam, nikiparua vibua, na leo nakata samaki Tokyo. Wiki iliyopita, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda kula mchana kwenye kaunta ya watu 8 huko Monzen-Nakacho: vipande 10 vya sushi, yaani samaki juu ya tonge dogo la wali wenye siki, supu ya miso (soya iliyochachushwa) na kipande cha yai kwa yen 4,500. Ginza, mtaa wa kifahari wa Tokyo, mlo wa jioni wa namna hiyo unaweza kupita yen 30,000. Wengi wanadhani tofauti hiyo ni ya samaki aliyelala. Sivyo, na inaniuma nikisikia hivyo.

Omakase maana yake ni nakuachia wewe. Mgeni hachagui, mpishi ndiye anayeamua. Hapo ndipo bei inaposhuka. Duka linalomruhusu mteja kuagiza apendacho lazima liweke aina nyingi za samaki tayari, na wasioagizwa hadi usiku ni hasara ambayo mteja wa kesho atailipa. Mpishi wa ile kaunta ya Monzen-Nakacho, mzee mmoja, anaingia soko la Toyosu asubuhi akijua ana watu 16 tu, 8 wa saa sita na 8 wa saa saba na nusu. Ananunua wa kuwatosha hao. Akikuta samaki wa jamii ya vibua wamenona na bei iko chini, sote tunakula hao. Ndiyo maana ukiweka nafasi kisha usitokee unamuumiza sana: sehemu yako imeshanunuliwa, na wali wako umeshapikwa.

Jambo la pili ni aina ya samaki. Januari 2019, jodari mmoja wa kilo 278 alinadiwa Toyosu kwa yen milioni 333.6. Huyo ni jodari wa aina nyingine, mwenye mafuta mengi, na bei ile ilikuwa ya mnada wa mwaka mpya. Kaunta za bei nafuu zinaweza kutumia jodari wa mapezi ya njano, aina ileile inayovuliwa Bahari ya Hindi na kushushwa Feri. Minofu yake myekundu huzamishwa kwenye sosi ya soya kwa muda mfupi. Mbinu hiyo ni ya enzi ambayo hakukuwa na friji, wakati Tokyo ikiitwa Edo, na hadi leo inampa samaki huyo utamu usiotegemea mafuta.

Na hilo neno kulala: Wajapani nao wanasema samaki "hulazwa", lakini kwao ni sifa. Samaki mkubwa mwenye nyama nyeupe, aliyechinjwa vizuri na kutolewa damu, huhifadhiwa kwenye baridi siku kadhaa. Nyama inalainika na ladha inakolea. Ukimla saa ile ile aliyovuliwa atakuwa mgumu, na ladha yake hafifu.

Lakini mimi nikikaa kaunta naanza na wali. Kwetu wali mzuri ni ule unaochambuka. Wa sushi ni wa punje fupi zinazoshikana, ila mdomoni lazima ziachane zenyewe. Hutiwa siki na chumvi ungali wa moto, kisha huliwa ukiwa na joto kama la kiganja. Wa yule mzee ulikuwa na rangi ya kahawia hafifu, maana anatumia siki nyekundu inayotengenezwa kwa machicha ya sake, pombe ya mchele. Niliwahi kulipa yen 12,000 mahali pengine, samaki wa daraja la juu kabisa, na wali baridi kama kiporo. Sikurudi tena.

Kipande cha tano kilikuwa kohada, na hapa ningependa tutulie kidogo. Ni samaki mdogo wa jamii ya dagaa, ngozi ya fedha yenye safu za madoa meusi. Ana miiba mingi na harufu kali, na ukimla mbichi vivi hivi hutamtamani tena. Hupasuliwa, hutandazwa kwenye ungo wa mianzi na kunyunyiziwa chumvi kwa dakika kadhaa, huoshwa, huzamishwa kwenye siki, kisha huachwa apumzike. Dakika hizo hubadilika kulingana na ukubwa wa samaki, mafuta yake, hata joto la siku hiyo. Ukizidisha unakula achari, ukipunguza unakula shombo. Cha mzee kilikuwa kimechanjwa mistari mitatu mgongoni, kikalala juu ya wali bila kuning'inia. Nilikishika kwa vidole, kama inavyofaa, nikakitia chote mdomoni. Chumvi ilitangulia, siki ikafuata, halafu utamu wa samaki mwenyewe ukabaki.

Kwa wasomaji Waislamu: sosi inayopakwa juu ya samaki mara nyingi huchemshwa na sake na mirini (pombe tamu ya mchele ya kupikia), yai nalo huwa na mirini, na siki nyekundu mmeshajua asili yake. Sema wakati wa kuweka nafasi, si ukishakaa. Mpishi akijua mapema anaweza kukutengea soya tupu na kupika wali kwa siki nyingine.

Fika kwa wakati, usijipulizie manukato, na kipande kikiwekwa mbele yako ukile hapo hapo, picha moja inatosha. Mwishoni mzee huuliza kama kuna anayetaka kuongeza kimoja, kwa malipo ya ziada. Jirani yangu aliomba jodari. Mimi niliomba kohada tena. Mzee alinitazama, akachota wali kutoka katikati ya ndoo ya mbao, palipobaki joto, akaniuliza nafanya kazi jiko gani.