Pale Mwimbaji Anapoishiwa Maneno

Kazi yangu ni kuchanganya sauti za muziki, na kwa sababu hiyo nimezoea kuusikiliza wimbo kipande kipande: besi peke yake, ngoma peke yake, kisha pumzi ya mwimbaji kabla hajafungua kinywa. Nikiulizwa nyimbo za zamani za soul (muziki wa Wamarekani weusi) ninazozipenda kuliko zote, hutaja mbili, na zote zina mahali ambapo maneno yanakoma ilhali wimbo unaendelea.

Wa kwanza ni "Ain't No Sunshine" wa Bill Withers, uliotoka mwaka 1971, wakati mwenyewe alikuwa bado mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vyoo vya ndege. Alikusudia kuongeza maneno mengine, na yale "I know" (najua) ya katikati ya wimbo aliyaweka kushikilia nafasi tu, lakini Booker T. Jones, aliyesimamia kurekodiwa kwake, alimshauri ayaache yalivyo. Yanarudiwa mara 26. Muda mrefu niliyasikia kama pambo, hadi nilipozingatia kinachofuata, yaani mwimbaji anakiri kwamba ingempasa kuachana na yule binti anayemlilia katika wimbo; ndipo nikaelewa kuwa huyu ni mtu anayemkatiza mshauri wake: najua, najua, najua.

Wa pili ni "(Sittin' On) The Dock of the Bay", ambao Otis Redding aliurekodi Memphis, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1967, siku chache kabla ya kufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Desemba. Steve Cropper, mpiga gitaa aliyeutunga pamoja naye, ndiye aliyeukamilisha na kuutia sauti za mawimbi na shakwe. Mwimbaji aliyezoeleka kwa kunguruma jukwaani hapa anaondoka akipiga mluzi. (Wapo watakaoniuliza kuhusu "Respect", wimbo wake Otis ambao Aretha Franklin aliufanya wa kwake mwaka huohuo, naupenda sana, ila Aretha hakuishiwa maneno, aliyaongeza.)

Usiku mmoja nilikuwa kwenye mitambo, bendi ikipiga ule wimbo wa Withers, na mwimbaji alipofika kwenye "I know" ya tatu au ya nne kipaza sauti chake kikazimika, kosa la waya ambao mimi mwenyewe sikuukagua. Mpiga ngoma alikuwa mwepesi kuliko mimi: aliacha vyote, akabaki kugonga ukingo wa ngoma kwa fimbo moja, na watu wakayadaka yale maneno. Nilipopata waya mwingine na taa ya kijani ikawaka, kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kupandishia sauti, lakini sikukisogeza. Hakuna aliyejua mahali pa kukomea. Waliipita 26 kwa mbali, hadi mwimbaji alipoinua mkono.