Kwa nini poliesta hii ni ghali: uzi unaoiva tanurini

Wavuvi na wauza kamba wa Tanga huuliza swali la haki: shati ni poliesta, kamba ya nanga ni poliesta, sasa hii nyingine yenye bei ya kutisha, iitwayo Vectran, ina nini? Tofauti ni molekuli zake, na jinsi zinavyopitishwa kiwandani.

Molekuli za poliesta ya kawaida hulegea na kujikunja zikiyeyuka, ndiyo maana uzi wake lazima uvutwe baadaye ili zinyooke. Za poliesta ya fuwele-oevu (ambayo molekuli zake hubaki na mpangilio hata ikiwa majimaji), kama Vectran, ni ngumu kama fito hata zikiwa kwenye uji wa moto. Uji huo unapokamuliwa kwenye matundu membamba na uzi kuvutwa haraka unapotoka, molekuli hujipanga kama magogo ya mto Pangani yanapofika penye mkondo mwembamba: yote huelekea upande mmoja. Uzi ukipoa, mpangilio hubaki. Kwa hiyo ugumu wa kutonyumbuka huwa umepatikana kwa sehemu kubwa hapo hapo kwenye matundu.

Lakini uzi haujawa na nguvu ya kutosha. Molekuli bado ni fupi, na uzi hukatika pale miisho yake inapokutana. Hapo ndipo tanuri linapoingia. Nyuzi huwekwa kwa saa kadhaa kwenye gesi ya nitrojeni au ombwe (mahali palipoondolewa hewa), chini kidogo ya joto la kuyeyuka. Molekuli huungana na kurefuka bila uzi kuyeyuka, na mabaki madogo ya asidi yanayotokana na kuungana huko hutoroka nje. Wembamba wa uzi husaidia asidi hiyo kutoka. Joto hupandishwa polepole, maana ukiharakisha nyuzi hugandana. Zikitoka, nguvu huwa imepanda mara 2 au 3, na kiwango cha kuyeyuka, ambacho kilikuwa karibu nyuzijoto 280, hupita 320. Ugumu wenyewe hubadilika kidogo tu.

Mifuko ya hewa iliyokipokea chombo cha Mars Pathfinder kilipotua Mirihi mwaka 1997 ilitengenezwa kwa uzi huu.

Kwa henza ya jahazi (kamba ya kupandishia tanga) au amari (kamba ya nanga), mimi nisingeshauri uzi huu. Faida yake kubwa ni kutorefuka chini ya mzigo wa muda mrefu, jambo ambalo chombo cha uvuvi hakilihitaji sana. Tena jua huudhoofisha. Ukilazimika kuununua, tafuta kamba ambayo uzi huo umefunikwa na ganda la poliesta ya kawaida.